Nimeingia maktaba ya chuo mara tatu na kutoka mikono mitupu: nitafuteje maandiko na takwimu za bei ya kahawa?

Mwanafunzi wa Rau (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaishi Rau, hapa Moshi, na ninasoma shahada ya uzamili ya uchumi kwa njia ya masafa katika chuo kilicho mbali na mkoa huu. Utafiti wangu unahusu kahawa ya Kilimanjaro. Ninataka kujua ni sehemu gani ya bei ya mnadani inayomfikia mkulima anayeuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, na kama sehemu hiyo iliongezeka au ilipungua baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95. Marehemu baba aliuza kahawa kwenye chama miaka yote niliyokuwa shuleni, na ada yangu ya sekondari ilikuwa ikingoja malipo ya pili, yale yanayokuja baada ya kahawa kuuzwa, kwa hiyo sifanyi utafiti huu ili nipate cheti tu.

Msimamizi wangu amelirudisha andiko langu kwa mara ya pili. Ameandika pembeni kwamba mapitio ya maandiko ni membamba, kwamba karibu kila nilichokitaja kimeokotwa kwenye kurasa za mwanzo za Google, na kwamba bei katika jedwali langu la pili zinapingana. Hilo la mwisho ni kweli na linaninyima usingizi. Kwa msimu uleule, chapisho moja linatoa bei ya mkulima ambayo ni robo nzima juu ya ile iliyo katika chapisho lingine, na yote mawili ni ya taasisi zinazoheshimika. Nimechukua wastani wa hizo mbili kwa sababu sikujua la kufanya.

Nimekwenda mara tatu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa mkoani. Mara ya kwanza nilirudishwa getini kwa kuwa mimi si mwanafunzi wa pale. Mara ya pili niliingia, nikakaa kwenye kompyuta ya katalogi, nikaandika "kahawa" nikapata vitu viwili vitatu visivyonihusu, nikaandika neno la uchumi kwa Kiingereza nikapata mamia. Mara ya tatu niliacha kompyuta nikaenda moja kwa moja kwenye rafu za uchumi, na hadi jioni nilikuwa nimesoma vitabu vya kiada ambavyo havitaji Kilimanjaro hata mara moja.

Naomba mwenye uzoefu anieleze mtu wa nje anaingiaje bila kusumbuana na walinzi, aanzie wapi akishaingia, na kama kweli kuna faida ya kwenda kwenye rafu wakati majarida mengi siku hizi yako kwenye intaneti.

Mkutubi Mstaafu

Mwanangu, pole na hongera kwa kutokata tamaa. Nimefanya kazi katika maktaba za vyuo kwa miaka 31 hadi nilipostaafu, na wanafunzi wa aina yako nimewaona wengi sana: wana swali zuri, lakini wakifika kaunta wanataja neno moja tu, "kahawa" au "ushirika", halafu wanaelekezwa kwenye rafu na kuachwa huko.

Nianze na geti, maana halihitaji maneno mengi. Omba chuo chako kikupe barua ya utambulisho yenye muhuri, inayomwelekea mkuu wa maktaba na inayotaja somo la utafiti na muda utakaohitaji. Beba na kitambulisho. Maktaba nyingi zitakuruhusu kusoma ndani bila kuazima, na baadhi hutoza ada ndogo kwa watumiaji wa nje. Ukishapata kibali, muulize mkutubi wa sehemu ya marejeo ni saa ngapi hana foleni, urudi saa hiyo.

Sasa tuje kwenye katalogi. Majina ya vitabu katika katalogi huandikwa kwa lugha ya kitabu chenyewe, na maandiko mengi ya uchumi wa nchi yetu yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno "kahawa" litakupa vile vichache vya Kiswahili tu. Tafuta kwa lugha zote mbili. Halafu kumbuka kwamba majina yamebadilika na katalogi haikukumbushi. Kabla ya mwaka 1964 nchi hii haikuitwa Tanzania, kwa hiyo taarifa za miaka hiyo utazipata chini ya Tanganyika. Kilimanjaro na Arusha zilikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini, na aliyeandika mwaka 1950 hakuandika "Mkoa wa Kilimanjaro". Chama kikuu cha wakulima wa hapa, KNCU, kilianza mwaka 1933, lakini kabla yake kulikuwa na chama cha wapanda kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925 chenye jina lingine, KNPA. Anayetafuta KNCU peke yake anaikosa miaka minane ya mwanzo.

Jambo la pili, na hili ndilo lililokupotezea siku ya tatu: kahawa yako haikai kwenye rafu moja. Katika maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, ambao kila somo lina namba yake ya rafu, uchumi kwa jumla uko 330, ushirika uko 334, uchumi wa kilimo uko 338.1, na kilimo chenyewe cha kahawa kiko mbali kabisa, 633.73, pengine ghorofa nyingine. Wewe ulikaa 330 kutwa nzima. Kwa swali lako ningeanza 334, kwa sababu pale ndipo wanapokaa watu waliochunguza chama cha msingi kama chama, yaani makato yake, madeni yake na namna kinavyogawa fedha. Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, usiondoke; soma migongo ya vitabu vilivyo kulia na kushoto kwake. Kazi hiyo kompyuta haikufanyii.

Usiache kuuliza tasnifu. Moshi ina bahati ambayo miji mingi haina: chuo cha ushirika kilianza hapa mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, na mahali ambapo watu wamefundishwa ushirika kwa muda wote huo lazima pawe na kazi za wanafunzi waliokwenda Kibosho, Machame na Marangu na madodoso mkononi. Tasnifu kwa kawaida haziazimwi, zinasomwa palepale. Ukiishika moja, anzia nyuma. Kule kwenye viambatisho utakuta dodoso, orodha ya vyama vilivyotembelewa na mara nyingine majedwali ghafi ambayo mwandishi hakuyatumia yote. Baada ya hapo soma marejeo yake, uone alichosoma yeye kabla yako.

Kuhusu swali lako kama rafu zina faida wakati kuna intaneti, nitakueleza nililoliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja alikuja kijana aliyekuwa akilinganisha malipo ya vyama viwili vya mazao. Alikuwa na takwimu zote kwenye kompyuta yake, safi, zimepangwa. Nikamletea taarifa ya mwaka iliyochapwa kwa taipu, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai. Chini ya jedwali kulikuwa na tanbihi ya mstari mmoja kwa herufi ndogo, ikisema kwamba bei za chama cha kwanza zimeandikwa kabla ya kutoa ushuru na za chama cha pili baada ya kutoa. Aliyeziingiza zile namba kwenye kompyuta aliiacha ile tanbihi. Kijana yule aliandika upya sura nzima. Kwa hiyo bei zako mbili zinazotofautiana kwa robo usizichukulie wastani hata siku moja. Tafuta machapisho ya awali yalikotoka, usome maelezo yaliyo chini ya majedwali.

Njiro Uchumi

Shikamoo Mama. Naunga mkono, hasa hilo la tasnifu. Mimi niko Arusha, nasoma shahada ya uzamivu, na ningependa kuongeza upande wa elektroniki, kwa sababu ndugu yetu anaposema majarida yako kwenye intaneti anasahau kwamba mengi yamefungwa na ufunguo uko maktaba.

Kuna mpango wa kuzifungulia taasisi majarida ya kitaaluma unaoitwa Research4Life, na ndani yake mkusanyiko wa AGORA unahusu kilimo na uchumi wake. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake huingia bila malipo, lakini anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Mwulize mkutubi wa chuo chako akupe utaratibu wa kuingia. Kwa kuwa unasoma kwa masafa, una haki hiyo hata kama hujawahi kukanyaga jengo lao. Wengi wetu tunalipia makala kwa dola, au tunaikatia tamaa makala, ilhali nywila imekaa kwa mkutubi.

Kwa makala za awali za wachumi, zile ambazo bado hazijaingia kwenye majarida, tumia RePEc, hifadhidata ya mtandaoni ya maandiko ya uchumi, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Wachumi hupanga maandiko yao kwa alama za JEL, na alama yako ni Q13, inayojumuisha masoko ya mazao ya kilimo pamoja na vyama vya ushirika. Ukitafuta kwa alama badala ya neno utapata kazi za Ethiopia, Uganda na Kosta Rika zilizouliza swali lako hasa, sehemu ya bei inayomfikia mkulima, bila hata kutaja neno ushirika katika kichwa. Kisha fuatilia pande mbili: marejeo ya makala yanakurudisha nyuma kwa waliotangulia, na orodha ya walioitaja makala hiyo, ambayo Google Scholar inaionyesha, inakupeleka mbele kwa waliofuata. Makala tano nzuri zikifuatwa hivyo zinatosha kunenepesha mapitio yako kuliko kurasa hamsini za matokeo ya utafutaji.

Kila unachokisoma kiingize siku hiyohiyo katika programu ya kupanga marejeo. Zotero haina gharama. Nilipoteza wiki mbili za mwaka wangu wa kwanza nikitafuta ukurasa wa nukuu moja, na sitaki mwingine apoteze.

Karani wa Chama, Kibosho

Mimi si msomi wa chuo kikuu. Ni karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, na mizani ya kahawa naishika kila msimu, lakini swali la hiyo robo limenifanya niandike.

Ndugu mwanafunzi, angalia vizuri kama bei moja ni ya kahawa ya maganda na nyingine ni ya kahawa safi. Mkulima wa huku analeta chamani kahawa ya maganda, yaani ile iliyomenywa, ikavundikwa, ikaoshwa na kukaushwa, lakini bado ina ganda lake gumu. Mnadani inauzwa kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa. Kipimo kinachotumika katika takwimu za kimataifa ni kwamba kilo 100 za maganda hutoa kilo 80 za kahawa safi. Sasa fanya hesabu. Mkulima akilipwa shilingi 4,000 kwa kilo ya maganda, nao ni mfano tu, malipo hayohayo yakigeuzwa kuwa ya kahawa safi unagawanya kwa 0.8 na unapata shilingi 5,000. Hiyo ndiyo robo yako. Fedha ni ileile mfukoni mwa mkulima mmoja, ila mwandishi mmoja amehesabu maganda na mwingine amehesabu kahawa safi.

Na kabla hujalinganisha na soko la dunia, kuna mtego mwingine wa vipimo. Mnadani bei imekuwa ikitajwa kwa dola za Marekani kwa kilo 50, lakini bei ya dunia hutajwa kwa senti za dola kwa ratili moja. Senti 100 kwa ratili ni sawa na dola 110.23 kwa kilo 50. Nimeona ripoti ya wataalamu, na sitaitaja, iliyoweka safu hizo mbili bega kwa bega bila kubadilisha kipimo, ikahitimisha kwamba kahawa yetu inapata karibu sawasawa na bei ya dunia. Jambo hilo liliniudhi sana, kwa sababu wanachama wetu waliambiwa mkutanoni kwamba hawana la kulalamikia.

La mwisho upande wangu: malipo hayaji mara moja. Kuna malipo ya awali mkulima anapopima, na kuna malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa, ambayo yanaweza kuja miezi mingi baadaye. Chapisho likiandika "bei ya mkulima", uliza ni malipo yapi. Vitabu vya chama vinayaonyesha yote mawili, na ukija na barua yako tutazungumza na bodi uone leja zetu.

Mwanafunzi wa Rau (mleta mada)

Sijui niwashukuruje. Nimekaa siku kumi bila kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niyafanye mliyoniambia.

Barua ilifika, nikaingia bila maswali. Mkutubi wa zamu alinisikiliza dakika ishirini nzima nilipomweleza swali badala ya mada, akanipeleka 334 na baadaye kwenye chumba cha tasnifu. Nimekuta tasnifu mbili kuhusu vyama vya msingi vya wilaya za hapa, na katika moja, kwenye kiambatisho cha mwisho, kuna jedwali la malipo ya awali na ya pili kwa misimu sita mfululizo, kila safu ikieleza kwa maneno kwamba ni kwa kilo ya maganda. Nilinakili kwa mkono kwa sababu kutoa fotokopi hakuruhusiwi.

Karani, ulichosema ndicho. Nilirudi kwenye machapisho yangu mawili. La kwanza, katika ukurasa wa maelezo ambao nilikuwa sijaufungua kabisa, linasema bei zote zimegeuzwa kuwa za kahawa safi. La pili halisemi kitu, lakini nilipogawanya bei zake kwa 0.8, misimu minne kati ya mitano ililingana na la kwanza karibu kabisa. Ule wa tano bado unanisumbua. Nadhani mmoja wao ameandika kwa mwaka wa kalenda na mwingine kwa msimu, maana msimu wa kahawa unakatiza miaka miwili, na mwaka ule bei ilibadilika ghafla katikati.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, nikitaka kulinganisha shilingi za 1985 na za leo natumia fahirisi ipi, kwa sababu nimeona miaka ya kizio, yaani ile ambayo bei za miaka mingine hulinganishwa nayo, inabadilikabadilika? Pili, nilitaka kurudisha jedwali nyuma hadi mwaka 1970, lakini taarifa za KNCU zinakatika katikati ya miaka ya 1970 kana kwamba chama kilifutika.

Njiro Uchumi

La fahirisi: tumia Fahirisi ya Bei za Mlaji ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Usiunganishe tu namba za vizio tofauti mfululizo. Tafuta mwaka mmoja ulioandikwa katika vizio vyote viwili, pata uwiano wake, kisha tumia uwiano huo kuivuta safu ya zamani ilingane na mpya. Ukitumia Pato la Taifa mahali popote, hadhari ni hiyohiyo, kwa kuwa nalo limebadilishiwa kizio mara kadhaa, ikiwemo kutoka mwaka 2007 kwenda 2015. Kwa miaka ya nyuma, kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa, ambacho serikali hukitoa kila mwaka kwa Kiswahili, kitakusaidia sana. Omba nakala za karatasi za zamani na usome kila moja peke yake, kwa sababu takwimu ya mwaka fulani mara nyingi husahihishwa katika toleo la mwaka unaofuata.

Na sehemu ya mkulima, kwa kuwa ni uwiano wa bei mbili za msimu mmoja kwa sarafu moja, haihitaji fahirisi kabisa. Fahirisi utaihitaji tu ukitaka kusema kama mkulima alipata zaidi au kidogo kwa thamani halisi.

Mkutubi Mstaafu

Nimefurahi mno, mwanangu, hasa kwa huyo mkutubi aliyekupa dakika ishirini. Mfikishie salamu zangu ingawa hanijui.

KNCU haikufutika katika rafu tu, ilifutwa kweli. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika vya mazao, vijiji ndivyo vikawa vinakusanya mazao, na kahawa ikashughulikiwa na Mamlaka ya Kahawa. Sheria iliyovirudisha vyama ilipitishwa mwaka 1982, na kuvijenga upya kulichukua muda baada ya hapo. Kwa hiyo kwa miaka hiyo acha kutafuta chini ya ushirika na acha 334. Omba taarifa za mwaka za Mamlaka ya Kahawa, ambazo huenda zimewekwa kwenye machapisho ya serikali na si kwenye vitabu, na usizikute katika katalogi ya kompyuta kabisa ikiwa maktaba haijamaliza kuingiza nyaraka za zamani. Uliza kama bado wanayo katalogi ya kadi, zile droo za mbao. Kama zipo, fungua droo ya T, upande wa Tanzania, kisha mamlaka na bodi. Zikikosekana Moshi, kitengo cha East Africana, kinachohifadhi machapisho ya Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiko ningekwenda, lakini andika kwanza barua na uulize, usipande basi kwa kubahatisha.

Ukizipata, nakili pamoja na kila jedwali jina la taarifa, mwaka, ukurasa, kipimo na maneno yote ya tanbihi, hata kama wakati huo yanaonekana hayana kazi. Na kwa miaka ya mapema zaidi, angalia kama uzito umeandikwa kwa tani za Kiingereza, ambazo ni kilo 1,016 na si 1,000.

Mwanafunzi wa Rau (mleta mada)

Asante sana Mama. Droo zipo, nimeziona nyuma ya meza ya magazeti nikadhani ni samani za zamani. Jumanne asubuhi nitakuwa pale, na Jumatano, Karani akiniruhusu, nitapanda Kibosho na barua.

Karani wa Chama, Kibosho

Jumatano bodi inakutana saa nne. Njoo kabla ya hapo, leja za kuanzia msimu wa 1994/95 nitakuwa nimezishusha kutoka kabatini.